Filamu ya Léon ni mbili: tuambieni mnatupendekezea ipi

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita, mwandishi wenu aliwapendekezea wasomaji filamu ya Léon, ile ya mwaka 1994 iliyoongozwa na Mfaransa Luc Besson, akaisifu kuwa ni picha inayofaa kutazamwa nyumbani jioni ya mapumziko, na akamhimiza kila awezaye kupata DVD au Blu-ray yake asiikose. Sina ugomvi na sifa alizoimwagia, kwa kuwa nyingi ni za haki. Ninaloliandikia ni jambo ambalo makala ile haikuligusa hata kidogo, nalo ni kwamba chini ya jina hilo moja zinauzwa filamu mbili zinazopishana kwa takriban dakika 23, na kwamba dakika hizo si nyongeza ya kuwafurahisha mashabiki tu, bali zinambadilisha mtoto aliye katikati ya kisa, na kwa hiyo zinabadilisha jibu la swali ambalo mzazi yeyote angeuliza kabla ya kuwasha televisheni sebuleni.

Kwa wasiokijua kisa chenyewe, Léon, anayeigizwa na Jean Reno, ni Mtaliano aliyehamia New York na ambaye kazi yake ni kuua watu kwa malipo. Kazi huletewa na Tony, mwenye mkahawa mtaa wa Little Italy, ambaye pia humtunzia pesa zake kwa sababu muuaji huyu hajui kusoma na hana mazoea na benki. Anakunywa maziwa, anautunza mmea mmoja ndani ya chungu, analala kitini huku bunduki ikiwa karibu, na ana sharti moja tu katika kazi yake: hagusi mwanamke wala mtoto. Jirani yake ni Mathilda, msichana wa miaka 12, aliyeigizwa na Natalie Portman katika filamu yake ya kwanza. Baba wa Mathilda anahifadhi kokeni kwa niaba ya maafisa wala rushwa wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, anaichezea, na mkuu wao Stansfield, ambaye Gary Oldman anamwigiza kama mtu aliyekunywa wazimu kwa kikombe, anaimaliza familia nzima, akiwemo kaka mdogo wa miaka minne ambaye ndiye peke yake Mathilda alimpenda katika nyumba ile. Msichana anaponea kwa Léon, na akishatulia anamwomba amfundishe kuua ili amlipizie kisasi mdogo wake.

Hadi hapo filamu zote mbili ziko sawa, na tukio ambalo naliona ni bora kuliko yote limo katika zote mbili. Mathilda anarudi kutoka dukani akiwa amebeba mfuko wa karatasi wenye maziwa ya Léon. Mlango wa kwao uko wazi, maiti ya baba yake iko sakafuni, na mmoja wa wauaji amesimama pale pale akimtazama. Mtoto hapigi kelele wala hakimbii. Anaupita mlango wa kwao kana kwamba si wake, anatembea hadi mwisho wa ujia, anabonyeza kengele ya jirani na kunong'ona akiomba afunguliwe, machozi yakimtoka. Ndani, Léon ameweka jicho kwenye tundu la mlango na hafungui. Besson anatuweka pande zote mbili za ubao ule kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuvumilia, na hatimaye mlango unapofunguka, mwanga unamwangukia msichana usoni. Katika tukio hilo hatuoni hata risasi moja ikifyatuliwa, ilhali nimewaona wanaume wazima wakisogea mbele kwenye viti vyao. Aliyemwita Besson fundi wa milipuko tu hajalitazama tukio hilo vizuri.

Tofauti inaanzia sehemu ya kati. Kabla filamu haijatoka Marekani, ilionyeshwa kwa majaribio mbele ya watazamaji wa Los Angeles, nao hawakupendezwa na baadhi ya matukio kati ya Mathilda na Léon. Matukio hayo yakaondolewa, na filamu iliyofika kwenye majumba ya sinema mwaka 1994, Septemba huko Ufaransa na Novemba huko Marekani, ikawa ya dakika 110 hivi. Marekani ilipewa jina la The Professional. Miaka miwili baadaye, mwaka 1996, toleo refu la dakika 133 hivi lilionyeshwa Ufaransa, na Besson mwenyewe amesema kwamba hilo ndilo alilotaka litoke tangu mwanzo. Marekani toleo hilo lilikuja kufahamika kupitia DVD ya mwaka 2000 yenye jina la Léon: The Professional, na mwaka 2009 Blu-ray ikaziweka filamu zote mbili katika diski moja, mtazamaji achague mwenyewe. Kwa maneno mengine, ile ndefu imeenea zaidi kwa njia ya soko la nyumbani kuliko kwa njia ya sinema, na anayeambiwa leo akatafute diski ya Léon ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo bila kujua.

Sasa tuziangalie dakika zenyewe. Katika ile fupi, mafunzo ya Mathilda yanabaki upande wa mchezo. Anakaa juu ya paa la jengo na bunduki ya mdunguzi, analenga mtu anayekimbia mazoezi bustanini, na risasi anayompiga ni ya rangi. Anajifunza kufungua na kusafisha silaha, anafanya mazoezi ya tumbo, anamfundisha Léon kusoma, na tunaelewa kwamba mwalimu anapoteza muda kwa makusudi kwa kuwa hataki mwanafunzi wake afike anakotaka kufika. Katika ile ndefu, Léon anamchukua kazini. Wanakwenda pamoja kwenye milango ya watu watakaouawa, mtoto akiwa ndiye anayegonga na kusema maneno ya kufanya mlango ufunguliwe, na tunamwona akiizoea kazi kama mwanagenzi wa fundi yeyote. Baada ya hapo wanakwenda kusherehekea mkahawani, mtoto anakunywa shampeni hadi inampanda, anacheka kupita kiasi na anataka kumbusu yule mtu mzima, ambaye anamkatalia. Liko pia tukio ambalo Mathilda anaweka bastola kichwani mwake mwenyewe, akicheza kamari na risasi, ili kumlazimisha Léon akiri kwamba anampenda. Léon anausukuma mkono wake dakika ya mwisho. Na liko tukio la utulivu ambalo Léon anasimulia kwa nini aliondoka Italia: alimpenda msichana akiwa kijana, baba wa msichana akamuua binti yake mwenyewe, naye Léon akamuua yule baba.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba toleo refu la mwongozaji ndilo filamu ya kweli na fupi ni kazi ya wenye mifuko ya pesa. Sikubaliani na hoja hiyo katika kisa hiki, ingawa naelewa inakotoka. Ni kweli kwamba ile ndefu inampa Léon historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini mtu mwenye nguvu kiasi kile anaogopa mapenzi kuliko bastola. Ni kweli pia kwamba inathubutu kusema jambo ambalo ile fupi inalikwepa: kwamba mtu mwema kwa mtoto anaweza kumharibu mtoto huyo huyo kwa kumpa kitu pekee anachokijua, yaani kazi yake. Anayetaka kuitazama filamu hii kama tanzia ana haki ya kuichagua ile ndefu. Lakini sharti la Léon la kutowagusa wanawake na watoto linapoteza maana pale anapomshika mtoto mkono na kumpeleka mlangoni kwa mtu atakayeuawa, na filamu haionekani kulitambua hilo. Muziki wa Éric Serra unaendelea kana kwamba tunatazama likizo ya watu wawili. Ile fupi inamwacha Mathilda akiwa mtoto aliyefiwa na anayetaka kisasi. Ile ndefu inamfanya mshirika, kisha inatutaka tumchekee. Watazamaji wa Los Angeles hawakuwa wajinga.

Nisieleweke kwamba ile fupi ni maziwa matupu. Hata humo Mathilda anamwambia Léon kwamba anampenda, na Léon anapaliwa na kinywaji chake kwa mshtuko. Hata humo anavuta sigara, anatukana, anashuhudia mauaji ya ndugu zake. Marekani iliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie sinema bila mzazi au mlezi, na hiyo ilikuwa ni ile fupi. Natalie Portman mwenyewe, akihutubia maandamano ya wanawake mjini Los Angeles mnamo Januari 2018, alieleza kwamba barua ya kwanza ya shabiki aliyoifungua akiwa na miaka 13, baada ya filamu hii kutoka, ilikuwa ya mwanamume aliyemwandikia ndoto yake ya kumbaka. Sisemi kwamba Besson ndiye aliyeiandika barua ile. Nasema kwamba mtu anayempendekezea mwenzake filamu hii aitazame pamoja na familia, bila kutaja ni toleo lipi na bila kutaja umri, hajaifikiria vya kutosha.

Huenda mwandishi wenu atajibu kwamba urefu umeandikwa nyuma ya kasha na mnunuzi ajisomee. Jibu hilo lingetosha kama urefu wa kasha ungekuwa unasema ukweli mmoja. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini mfumo wa televisheni uitwao PAL, ambao ndio tuliourithi hapa Kenya na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, huendesha picha 25 kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba kanda au DVD ya PAL inakwenda mbio kidogo, na filamu inafupika kwa asilimia nne bila kukatwa hata fremu moja. Ile ya dakika 110 inakuwa kama 106, na ile ya dakika 133 inakuwa kama 128. Blu-ray kwa kawaida inarudi kwenye kasi ya asili. Kwa hiyo mteja mwenye DVD iliyoandikwa dakika 128, akilinganisha na Blu-ray ya rafiki yake yenye dakika 133, anaweza kudhani amepunjwa dakika tano, kumbe ana filamu ile ile ndefu. Na mwingine, akiona dakika 106, akadhani yake imekatwa na wakaguzi, kumbe ni ile fupi kamili. Nimeendesha duka la kukodisha kanda mjini Mombasa tangu zama za VHS, na hesabu hii nimewafanyia wateja wengi kwenye karatasi ya risiti.

Majina nayo hayasaidii. Diski iliyoandikwa The Professional pekee kwa kawaida ni ile fupi ya Marekani, lakini nchi nyingine ziliiuza ile fupi kwa jina la Léon, na ile ndefu kwa jina hilo hilo na neno dogo chini yake ambalo mwenye kunakili hulikata anapopunguza picha ya kasha. Zaidi ya hayo ipo Le Professionnel ya mwaka 1981, ya Jean-Paul Belmondo, yenye muziki wa Ennio Morricone, ambayo ni filamu nyingine kabisa kuhusu jasusi aliyetumwa kumuua rais wa nchi ya Kiafrika. Nayo imewahi kukodishwa kwa waliokuwa wakimtafuta Jean Reno, wakairudisha wakinuna. Na hapo sijazungumzia zile diski moja zenye filamu nane au kumi kwa pamoja, wala vibanda vya kuwekewa sinema kwenye flashi, ambako hakuna kasha la kusoma. Muuzaji hujua jina la faili tu. Ukimwuliza dakika, atakuonyesha ukubwa wa faili.

Kwa anayetaka kujua haraka ameshika ipi, njia nyepesi ni kwenda katikati ya filamu. Ukiwaona Léon na Mathilda wakiwa mkahawani na glasi za shampeni, au ukimsikia Léon akisimulia habari za msichana wa Italia, basi uko kwenye ile ndefu. Usipoyaona hayo, uko kwenye ile fupi. Ningefurahi kama makala yenu ingesema hivyo kwa sentensi mbili. Ingewasaidia wasomaji kuliko aya nzima iliyotumika kueleza miwani ya duara na kofia ya sufi ya Jean Reno.

Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, wateja wangu wa zamani hawakuwa na shida na matoleo bali na mwisho. Kijana aliingia dukani akauliza, «Ami, hii picha ina ngumi?» na nikimjibu kwamba ina bunduki zaidi kuliko ngumi, aliichukua, na kesho yake aliirudisha akilalamika kwamba steringi amekufa. Wengi walizoea kwamba steringi hafi. Nilijifunza kuwaambia mapema kwamba Léon anaondoka na Stansfield pamoja, na ajabu ni kwamba waliokwisha kuambiwa ndio waliokaa na kanda siku nyingi zaidi. Mwisho huo uko sawa katika matoleo yote mawili: Mathilda anabaki hai, anarudi shuleni kwake na kuupanda mmea wa Léon ardhini. Tofauti ni mtoto gani anayerudi shule. Katika ile fupi anarudi mtoto ambaye hajashiriki katika kumuua mtu yeyote. Katika ile ndefu anarudi mtoto ambaye amewahi kugonga milango ile.

Ndiyo maana naona suala hili linaigusa pia Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, na si magazeti pekee. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inaipa Bodi kazi ya kuzipanga filamu kabla hazijaonyeshwa au kusambazwa kwa umma, na alama zake, GE kwa wote, PG kwa watoto wenye mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18, zimeanza kueleweka hata kwa wazazi wasiofuatilia sinema. Daraja hata hivyo huwekwa kwa jina, na jina, kama nilivyoonyesha, linaweza kubeba filamu mbili. Kuandika urefu halisi pembeni mwa daraja, pamoja na neno «toleo fupi» au «toleo refu», kungegharimu wino kidogo sana. Kwa Léon mimi binafsi ningeandika 18 kwa ile ndefu bila kusita, na kwa ile fupi ningekaa na wenzangu tubishane kati ya 16 na 18.

Najua kuna watakaosema kwamba zama za diski zimekwisha, na kwamba vijana sasa wanatazama kwa simu. Hilo linaongeza uzito wa ombi langu. Kasha la DVD lilikuwa na mgongo ulioandikwa kitu, hata kama kilikuwa na utata. Kwenye huduma za intaneti mtazamaji hupewa picha ndogo na kitufe cha kuanza, na toleo linalowekwa leo linaweza kubadilishwa mwezi ujao haki zikihamia kwa kampuni nyingine. Blu-ray ya 2009 angalau ilimwuliza mtazamaji anataka ipi. Sijaona skrini ya simu ikiuliza hivyo.

Ninaomba basi, Mhariri, ukurasa wenu wa burudani uanze kuandika chini ya kila filamu ya kutazamwa nyumbani mambo matatu ambayo hayazidi mstari mmoja: mwaka, urefu wa toleo ambalo mwandishi alilitazama yeye mwenyewe, na umri anaoupendekeza. Kwa Léon naomba ufafanuzi huo uchapishwe Jumamosi hii, kabla shule hazijafunga, kwa kuwa nimekwisha kuwaona wazazi wawili wakiuliza dukani wakiwa na kipande cha gazeti lenu mkononi, mmoja akiwa na binti wa umri wa Mathilda. Huyo nilimpa ile fupi, nikamwambia aitazame kwanza peke yake.

Wako mtiifu,
Msomaji na mwenye duka la video,
Mombasa